Mama Wakili Anajibu: X nyekundu ukutani, na siku 7 za kuondoka

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka pande nne za nchi yetu ya Uganda, lakini zinauliza jambo moja: mtu akishaambiwa amevamia ardhi ya umma, je, hana tena la kusema? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Mwenyewe nilikwisha kuzungumza naye kwa simu, kwa sababu siku zake zilikuwa zinayoyoma. Hapa nawaandikia majirani zake, na wengine wote waliokuta rangi ukutani.

Salaam, Mama Wakili. Nilikuwa mvuvi, sasa naanika na kuuza mukene, yaani dagaa, hapa Masese, Jinja. Mwaka 2009 nilinunua kiwanja kwa mzee mmoja, tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye akagonga muhuri. Nimejenga vyumba vinne vya matofali. Viwili nakaa na familia, viwili nimepangisha. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, maji yaliingia hadi uani, kisha yakarudi. Juzi walikuja vijana wawili na mtu mwenye fulana ya rangi ya chungwa, wakapima kwa kamba, wakapaka X nyekundu ukutani na kuniachia karatasi inayosema niondoke ndani ya siku 7. Karatasi haina jina la ofisi wala sahihi, ina nambari ya simu tu. Nilipoipiga, mtu akaniambia nikimpa laki tano ataisogeza alama mbele ya nyumba yangu. Majirani wengine wamekwisha kulipa. Mwenyekiti anasema mtu hawezi kujitetea kwenye ardhi ya serikali. Ni kweli? — Muuza mukene, Masese

Kaka yangu, si kweli. Na kabla ya lolote, hiyo laki tano usiitoe. Mtu mwenye uwezo wa kisheria wa kukuondoa hawezi kukuuzia mita. Mwenye kukuuzia mita hana uwezo wa kukuondoa, wala wa kukuacha. Waliolipa hawana risiti, na tingatinga likija hawatakuwa na pa kumdai. Iandike nambari ile, andika siku na saa uliyopiga na maneno uliyoambiwa, uyapeleke polisi au kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, yule tunayemwita IGG.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu watu wengi wanapoteza kesi zao hapa. Una maswali mawili mkononi na mwenyekiti wako ameyachanganya. La kwanza: je, mahali ulipojenga paruhusiwa? La pili: mtu anaondolewaje? Unaweza kushindwa la kwanza kabisa na bado ukawa na haki zote za la pili.

Kwenye la kwanza sitakudanganya. Ibara ya 237 ya Katiba yetu ya 1995 inasema maziwa, mito, ardhi oevu, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama zinashikiliwa na serikali kwa dhamana, kwa niaba ya raia wote. Kanuni za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kwenye ziwa Nyanza, hilo wanaloliita Victoria. Ukiwa ndani ya mita 200 na huna kibali, uko pabaya. Muhuri wa LC1 wa mwaka 2009 unathibitisha kwamba ulinunua, na kwamba ulitoa pesa yako mbele ya mashahidi. Hauthibitishi kwamba yule mzee alikuwa na cha kukuuzia.

Lakini kuna mambo mawili nataka uyachimbe kabla hujakubali kuitwa mvamizi.

Moja ni kipimo chenyewe. Kanuni zinasema mita 200 zinapimwa kuanzia pale maji yanapofika yakiwa yamepungua. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha hapo hapo Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964. Maji yaliyoingia uani kwako mwaka ule hayakuwa maji ya kawaida. Ukimkuta mtu anaanza kupima pale ziwa lilipofika wakati wa mafuriko, mita zake zitameza nyumba ambazo sheria haikuzitaja. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe hili: kamba ilianzia wapi? Nani aliweka alama hiyo? Mpima ardhi gani alitia sahihi ramani? Mimi nilikulia Walukuba, najua watu wa ufukweni wanaokumbuka maji yalikuwa wapi mwaka gani kwa kutaja jiwe na mti. Watafute hao, waandike.

Jambo la pili ni yule mzee aliyekuuzia. Kama yu hai, nenda kwake leo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mtu aliyekalia ardhi kwa nia njema. Huyo ni yule aliyekaa na kuitumia ardhi yenye mmiliki aliyesajiliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika, yaani kabla ya tarehe 8 Oktoba 1995, bila mmiliki huyo kumpinga. Anatambuliwa vilevile mtu aliyewekwa pale na serikali yenyewe au na halmashauri. Na sheria hiyo hiyo inasema aliyenunua maslahi ya mtu wa namna hiyo anahesabiwa kama yeye. Kama mzee alikuwa pale tangu kabla ya Oktoba 1983 bila kubughudhiwa, una hoja ambayo mahakama italazimika kuisikiliza. Haifuti masharti ya ufukwe. Ila wewe hutakuwa tena mtu aliyejitokeza juzi usiku na kusimamisha mabati.

Sasa lile swali la pili, la mtu anaondolewaje, ambalo ndilo linanichoma moyo.

Ibara ya 28 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na chombo huru kabla haki yake haijaamuliwa. Ibara ya 44 inaiweka haki hiyo miongoni mwa zile chache ambazo haziondolewi kwa sababu yoyote ile. Ibara ya 42 inasema afisa yeyote wa utawala anayefanya uamuzi juu yako lazima akutendee kwa haki, na usiporidhika una njia ya mahakama. Hakuna mahali Katiba imesema "isipokuwa waliojenga karibu na ziwa".

Mwezi Januari 2019 Jaji Musa Ssekaana wa Mahakama Kuu Kampala aliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2016 dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuhusu jambo hili hili. Mahakama ilisema kuwaondoa watu bila utaratibu wa kutosha ni kuvunja haki yao ya uhai, ya utu na ya mali, ikaiamuru serikali itunge mwongozo wa kufuatwa kabla ya kuwaondoa watu, wakati wa kuwaondoa, na baada yake. Mwaka 2021 Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo akatoa maelekezo ya utaratibu wa kuwaondoa watu kwenye ardhi. Kiini chake ni kwamba pawe na amri halali ya mahakama, wanaokuja wajitambulishe na waoneshe karatasi zao, kazi ifanywe mchana na si usiku, utu wa watu ulindwe, na wazee, wagonjwa, watoto na walemavu waangaliwe kwa namna ya pekee.

Maafisa wengine watakuambia mambo ya mazingira yana njia yake, na kwamba Sheria ya Mazingira ya 2019 inaipa mamlaka yake uwezo wa kutoa amri ya kurudisha mazingira yalivyokuwa. Kweli inaipa. Lakini amri hiyo nayo ni waraka, haitolewi kwa rangi ya ukutani. Inapaswa kumtaja anayeamriwa, kosa analodaiwa kulifanya, atakiwalo kufanya, muda aliopewa, na mahali pa kwenda kama anapinga.

Ndiyo maana nilikuomba unitumie picha ya karatasi yako. Nimeikuza kwenye simu nikaisoma mstari kwa mstari. Ni nusu ya karatasi iliyokatwa kwa rula. Juu imeandikwa "TAARIFA YA MWISHO", na hakuna taarifa ya kwanza unayoikumbuka. Jina lako halipo, nambari ya kiwanja haipo. Sheria iliyovunjwa haikutajwa, imeandikwa tu "umevamia eneo la serikali". Siku 7 zimeandikwa kwa kalamu juu ya nafasi iliyoachwa wazi, kwa hiyo jirani anaweza kuwa na 3 na mwingine 14, kwa kadiri mwenye kalamu alivyopenda. Muhuri hakuna. Karatasi hii haiwezi kumwondoa mtu hata mmoja. Lakini usiitupe! Itie kwenye mfuko wa plastiki, maana siku ukisimama mbele ya jaji, udhaifu wake ndio ushahidi wako.

Nimewahi kusimama mahali, sitapataja, nikaangalia watu wakitolewa alfajiri. Mama mmoja fundi cherehani aliibeba mashine yake mwenyewe kichwani hadi ng'ambo ya barabara, akarudi kuchukua godoro, akarudi tena kuchukua masufuria. Mara ya nne ukuta ulikuwa umelala. Chini ya ukuta ule kulikuwa na sanduku la bati lenye mkataba wake wa kununua, risiti za kodi ya jengo, kadi za chanjo za watoto na cheti cha kifo cha mumewe. Baadaye tulipojaribu kufungua kesi, kila afisa alituomba nakala ya mkataba. Watu waliovunja nyumba walikuwa wamevunja na kesi pamoja nayo. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia watu: karatasi zitoke kwanza, leo, hata kama hakuna X. Piga picha kila ukurasa, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Piga picha na nyumba, ndani na nje, pamoja na jirani amesimama mlangoni.

Baada ya hapo andika barua. Usiende kupiga kelele ofisini, andika. Iandikie mamlaka ya mazingira, yaani NEMA, na uongozi wa jiji la Jinja, nakala kwa RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani, na kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Uliza nani alitoa karatasi hii, chini ya sheria gani, na omba uoneshwe vipimo. Kila nakala igongewe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na yako. RDC anaweza kutuliza fujo, anaweza kuwaita watu mezani, lakini hawezi kuamua nani mwenye ardhi wala kutoa amri ya kubomoa. Akikuambia amekwisha kuamua, mjibu kwa heshima kwamba utangoja mahakama.

Kama ofisi ya umma imekwisha kufanya uamuzi, una miezi 3 tu tangu siku ya uamuzi kuiomba Mahakama Kuu iupitie. Miezi 3 inakwisha upesi mtu akiwa anahangaika na mahali pa kulala. Mahakama Kuu iko hapo Jinja, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi hapo. Kama huna wakili ulizia Justice Centres au FIDA, hawa wanasaidia wasio na uwezo. Na mjue kwamba Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inaruhusu afisa aliyevunja haki yako abebeshwe yeye mwenyewe, si ofisi peke yake. Nimeona sauti ya mtu ikibadilika akikumbushwa hilo.

Jambo la mwisho, kaka. Wapangaji wako wawili. Waambie leo. Usipokee kodi ya mwezi ujao huku umeficha karatasi ndani ya kabati. Wao pia wana watoto na vitu vya kuhamisha, na haki ya kusikilizwa unayoidai ni yao vilevile.

Mama Wakili, mimi nakaa Bwaise, Kampala. Mvua ikinyesha saa moja tu, nalala juu ya meza na watoto wangu. Kila mtu anajua sababu: watu wamejaza udongo kwenye kinamasi cha Lubigi na kujenga. Mwaka 2024 walipobomolewa, wanasheria mlilia. Nani alilia na sisi tunaokunywa maji machafu? Kwa nini mnatetea wavamizi? — Mama wa watoto watano, Bwaise

Dada, barua yako niliisoma mara mbili, na sina nia ya kukubishia kuhusu Lubigi. Bwaise ni bonde. Maji ya Kawempe, ya Mulago na ya vilima vyote vya upande ule yanashuka kwenu, yanapita kwenye mfereji wa Nsooba kuelekea Lubigi, na kutoka Lubigi yanapaswa kwenda mto Mayanja. Mtu akiijaza Lubigi vifusi, maji hayafi, yanarudi chumbani kwako. Anayekuambia kinamasi ni ardhi iliyokaa bure hajawahi kulala juu ya meza. Ibara ya 39 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na haki hiyo ina uzito sawa na ya yule mwenye nyumba.

Ila tazama nani anabomolewa kwanza. Baadhi ya waliojenga kwenye vinamasi wana hati miliki. Zilitolewa baada ya 1995, wakati Katiba ilikwisha kusema ardhi ile haigawiwi. Sasa, kufuta hati, kamishna wa usajili wa ardhi lazima ampe mwenye nayo taarifa ya siku zisizopungua 21, amsikilize, kisha aandike sababu za uamuzi wake. Mwenye hati akikataa uamuzi anakwenda Mahakama Kuu. Vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Lakini jirani yake, mwenye nyumba ya mabati na mkataba wa LC, anaamshwa na injini. Wote wawili wamekaa kwenye kinamasi kimoja. Mmoja anapata barua, mwingine anapata tingatinga. Hicho ndicho tunachokilalamikia, dada yangu, na nitaendelea kukilalamikia.

Na hawa wasiosikilizwa wanakwenda wapi? Nimewafuata baadhi yao. Hawarudi kijijini, kwa sababu kijijini walikwisha kuuza ili waje hapa. Wanatafuta kinamasi kingine, mahali ambapo kuna mtu mwingine anayeuza viwanja kwa muhuri. Kama wangesikilizwa, mbele ya jaji wangemtaja aliyewauzia, mwenyekiti aliyegonga muhuri, na ofisi iliyopokea kodi yao. Bomoabomoa ya ghafla inawaondoa mashahidi, na muuzaji wa vinamasi anabaki na pesa zake mfukoni.

Wewe mwenyewe una njia. Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote au shirika kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali haikuwa na ruhusa ya kuutoa msitu wa hifadhi wa Butamira, huku Jinja, ulimwe miwa, kwa kuwa ilikuwa inaushikilia kwa dhamana ya wananchi. Kesi ile ilifunguliwa na shirika la kiraia liitwalo ACODE, na watu wa karibu na msitu walikuwa wamekwisha kuupigania kabla yake. Watu wa Bwaise mnaweza kuishtaki mamlaka inayoacha Lubigi ijazwe, na mkadai ibomoe zote, za mabati na za ghorofa, kwa amri moja ya mahakama. Mkianza, nitafuteni.

Shikamoo Mama. Natoka Kween, upande wa mlima Elgon. Babu yangu alizaliwa huko juu kwenye nyika, na baba yake pia. Sasa sisi wajukuu tunaambiwa tuko ndani ya mbuga, ni wavamizi. Wazee wanasema kuna karatasi ya mahakama ya mwaka 2005 inayotutambua. Bado ina nguvu? Na sisi vijana tusiokuwa na hati tufanye nini? — Mjukuu wa Mbenet

Marahaba, mwanangu. Karatasi hiyo ipo na nguvu inayo. Tarehe 27 Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Mbale ilitoa hukumu ya makubaliano kati ya Wabenet na serikali. Ilitamka kwamba ninyi ni wenyeji wa kihistoria wa maeneo yale yaliyoitwa mbuga, kwamba hatua zichukuliwe ili sehemu hiyo itolewe kwenye mbuga baada ya pande zote kukagua mpaka, na kwamba wakaaji wake wana haki ya kukaa na kulima bila kubughudhiwa. Hukumu ya makubaliano ni hukumu. Haichakai kwa sababu tu hakuna aliyeitekeleza.

Tatizo lenu ni mpaka, na limeanza zamani. Mlima Elgon ulikuwa msitu wa hifadhi tangu enzi za Mwingereza. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 ili watu wa juu washushwe wakae hapo, kazi ikafanywa ovyo, wengine wakakosa na wengine wasiohusika wakapata. Mwaka 1993 mlima ukawa mbuga ya taifa. Mwaka 2008, miaka 3 baada ya hukumu, watu wakaondolewa tena. Kwa hiyo mtu akikuita mvamizi, muulize anatumia mpaka upi, wa mwaka gani, na kama ule ukaguzi wa pamoja ulioandikwa kwenye hukumu ulikwisha kufanyika. Mwombe ajibu kwa maandishi.

Ninyi vijana kazi yenu ni kwa wazee wenu. Keti na babu mmoja mmoja. Mwulize mahali alipozaliwa panaitwaje, ng'ombe waliramba chumvi kwenye pango lipi, nani amezikwa wapi, boma la nani lilipakana na la nani. Andika jina lake na ukoo wake, mrekodi kwa simu akizungumza lugha yake. Kisha mpeleke kwa kamishna wa viapo ayaapie maneno yale kama hati ya kiapo. Mahakama inapokea ushahidi wa namna hiyo, lakini inaupokea kwa aliye hai. Wabatwa wa misitu ya Bwindi, Mgahinga na Echuya, waliotolewa huko mwaka 1991, walikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2021 ikaelekeza shauri lao lipelekwe Mahakama Kuu lisikilizwe kwa ushahidi ili ijulikane wanastahili nafuu gani. Wazee wengi waliouona msitu ule wakiwa watu wazima walikuwa wamekwisha kufariki kabla ya uamuzi huo. Msingoje.

Nakala ya hukumu iombeni rejista ya Mahakama Kuu Mbale, iliyothibitishwa kwa muhuri. Ile fotokopi inayozunguka kwenye mikutano haitoshi.

Dada Wakili, nauza chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, pembeni ya barabara kuu, mji wa mpakani. Najua ni hifadhi ya barabara, sibishi. Lakini askari wa mji wakija wanachukua jiko, meza na unga, na sivioni tena. Ni halali? — Muuza chapati

Mdogo wangu, wakikuambia uhame hapo barabarani, hama. Huna cha kusimamia, na barabara hiyo ikipanuliwa kesho hutalipwa kwa ajili ya pale uliposimama. Lakini jiko ni lako, meza ni yako, unga ni wako. Ibara ya 26 ya Katiba inalinda mali ya mtu, na haisemi lazima iwe nyumba. Askari akiona ni lazima avichukue kama kielelezo cha kosa, viandikwe kwenye orodha mbele yako, utie sahihi, upewe nakala, na kesi ipelekwe kwa hakimu. Vikiondoka bila orodha na hakuna kesi, huo ni wizi, kauandikishe polisi na uchukue nambari ya shauri.

Tafuteni wenzako mnaouza kwenye barabara hiyo, mwende pamoja kwa karani wa mji mkaombe mahali pa kuuzia, kwa barua yenye majina na sahihi za wote. Jiko liandike jina lako kwa rangi, na lipige picha asubuhi kabla hujawasha moto.